Hati ya Shamba Ipo, Mkopo Umekwama Wapi?

Mkulima wa alizeti wa Kongwa akifika benki na hati ya hakimiliki ya kimila, yaani hati ya shamba la kijijini, afisa mikopo haanzi na idadi ya ekari. Huangalia saini ya mwenyekiti na ya mtendaji wa kijiji, saini au dole gumba la mwenye shamba, kisha saini na muhuri wa afisa ardhi wa wilaya. Kikipungua kimoja, faili linarudi. Ndivyo Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inavyotaka, na benki haina mamlaka ya kusamehe.

Hati ikikamilika linabaki swali la soko. Shamba la kijijini haliuzwi kwa yeyote kama kiwanja cha mjini, kwa kuwa uhamisho hupita halmashauri ya kijiji. Wanunuzi wakiwa wachache bei hushuka, na kiasi cha mkopo hushuka nayo. Mjini Dodoma mambo ni tofauti. Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu ilipovunjwa mwaka 2017, wamiliki waliahidiwa hati za miaka 99 badala ya mikataba ya miaka 33. Miaka iliyobaki ni sehemu ya thamani ya rehani, kwa hiyo isome kwenye hati yako kabla ya kuomba mkopo.

Ila panapoharibika zaidi ni nyumbani. Sheria ya Ardhi inasema rehani ya nyumba ya ndoa, hata rehani ya kimila, ni halali pale tu mwenza anapoweka saini au ridhaa yake inapoonekana kwenye maombi. Mume mwenye wake wawili wanaoishi humo anahitaji ridhaa ya wote wawili. Na msijidanganye kwa kukosa cheti: Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inawachukulia mwanamume na mwanamke walioishi pamoja miaka 2 au zaidi, wakijulikana kama mume na mke, kuwa ni wanandoa, mpaka ithibitishwe vinginevyo. Anayeapa kwamba hana mwenza ilhali anaye anatenda kosa, na rehani yenyewe inaweza kubatilishwa mahakamani. Ndiyo maana tunasisitiza mwenza afike mwenyewe na kitambulisho, asomewe mkataba kwa Kiswahili, aulize, kisha ndipo asaini. Karatasi iliyosainiwa jikoni usiku haimlindi yeye wala benki.

Shamba la ukoo lina tabu yake. Baba aligawa kwa mdomo, mpaka ni mbuyu, na ndugu mmoja yuko Singida. Huyo asiposhirikishwa wakati wa uhakiki wa mipaka, pingamizi lake huibuka siku ya mnada. Mwiteni mapema, majirani wa mipakani wawepo, na makubaliano yaingie kwenye muhtasari wa kikao.

Marejesho yakikwama, benki hutoa notisi ya siku 60 kabla ya kuchukua hatua juu ya rehani. Ukiipokea, nenda benki wiki hiyohiyo na kumbukumbu za mavuno, uombe ratiba mpya ya malipo.