Virginia: jinsi matabaka yalivyotungiwa sheria

Wengi huamini kwamba Waingereza walihamia Virginia, koloni lao la Amerika Kaskazini, na matabaka yao yakiwa tayari: tajiri juu, maskini chini, Mwafrika chini kabisa. Nafundisha historia ya koloni hilo, na nyaraka zinaonyesha vingine. Mpaka kati ya Mzungu maskini na Mwafrika uliwekwa bungeni na mahakamani, kifungu baada ya kifungu.

Mwanzoni kilichowatenga watu zaidi ni ardhi na mkataba. Kuanzia 1618, aliyemlipia mtu nauli ya meli hadi Virginia alipewa ekari 50 kwa kila kichwa. Aliyesafirishwa hakupata kitu; alitumikia mkataba wa kati ya miaka minne na saba, akilima tumbaku bila mshahara, na bwana wake aliruhusiwa kumuuzia mwingine mkataba huo. Wengi walifariki kabla ya muda kwisha. Maskini alizikwa, ekari zikabaki kwa tajiri.

Waafrika wa kwanza wanaotajwa, 20 na ushei, walishushwa Point Comfort, pwani ya Virginia, mwaka 1619. Kwa miongo kadhaa hali yao kisheria haikuwa imekaa sawa. Anthony Johnson, aliyeletwa 1621, alikuja kuwa huru, na 1651 akapewa ekari 250 kwa utaratibu uleule wa nauli. Naye pia alimshikilia Mwafrika mwenzake, John Casor, kama mtumwa, na mahakama ikampa haki hiyo mwaka 1655.

Lakini tayari 1640 dalili za mpaka huo wa rangi zilikuwepo. Watumishi watatu walitoroka, wakakamatwa Maryland, koloni jirani. Mholanzi na Mskoti waliongezewa miaka minne kila mmoja. Wa tatu, Mweusi aliyeitwa John Punch, aliamriwa kutumika maisha yake yote. Kosa moja, hukumu mbili. Mwaka 1662 bunge likaamua kwamba mtoto hufuata hali ya mama yake, hivyo bwana aliyezaa na mtumwa wake alijiongezea mali. Mwaka 1667 likaamua kwamba ubatizo haumweki mtu huru.

Kisha ukaja uasi wa Nathaniel Bacon dhidi ya gavana wa Virginia, 1676. Sipendi unaposimuliwa kama vita vya wanyonge, kwa sababu Bacon alikuwa tajiri, na watu wake waliwaua wenyeji wa asili, wakiwemo Wapamunkey waliokuwa na amani na koloni. Hata hivyo, watumishi Weupe na watumwa Weusi walishika silaha upande mmoja, na mji mkuu, Jamestown, ukateketezwa. Wenye mashamba waliogopa sana. Baadaye, watumishi kutoka Uingereza walipopungua na meli za watumwa kuongezeka, hofu na faida zikaelekea njia moja.

Sheria ya 1705 ndiyo ninayowasomesha wanafunzi taratibu zaidi. Ilikataza kumvua nguo na kumchapa mtumishi Mzungu Mkristo bila amri ya hakimu. Mweusi aliyeinua mkono dhidi ya Mkristo Mweupe, awe mtumwa au huru, alistahili viboko 30. Mtumishi wa kiume aliyemaliza mkataba alipewa mahindi, shilingi 30 na bunduki. Na farasi, ng'ombe na nguruwe wa watumwa? Wakamatwe, wauzwe na wazee wa kanisa, fedha ziwasaidie maskini wa parokia. Yaani nguruwe aliyefugwa na mtumwa baada ya kazi za shamba ndiye aliyegeuzwa sadaka. Wakubwa hawakutoa hata senti mfukoni mwao.

Mzungu maskini alipata bunduki na ulinzi wa ngozi yake, lakini ardhi nzuri ya kando ya mito ilikuwa imeshachukuliwa. Robert Carter, aliyepachikwa jina la Mfalme, alipofariki mwaka 1732 aliacha takriban ekari 300,000 na mamia ya watumwa. Haki ya kura nayo ilikuwa imefungwa kwa wenye mali tangu 1670, na mwaka 1723 Weusi huru waliondolewa kabisa kwenye kura, hata wale waliokuwa na ardhi.