Injini ikigonga asubuhi, usikimbilie oili nzito

Mwalimu mmoja wa shule ya msingi alifika gereji na Toyota IST yake yenye injini ya 1NZ-FE. Kila asubuhi akiwasha, injini inakwaruza kama misumari inayotikiswa ndani ya kopo, sekunde mbili tatu, kisha inatulia. Alishaambiwa kwingine kwamba dawa yake ni oili nzito, aweke 20W-50. Akaweka. Siku chache mlio ukafifia. Wiki ya tatu ukarudi, na sasa unakaa sekunde tano.

"Mwalimu, niachie gari lilale hapa," nilimwambia. Mlio wa namna hii husikika injini ikiwa imepoa usiku kucha. Ukiliendesha gari mpaka kwa fundi, linafika limeshapata moto na limenyamaza, na fundi anabaki kukisia.

Alfajiri niliinua boneti, nikapima oili, nikamwomba kijana wangu awashe huku mimi natazama dashibodi. Ile taa nyekundu ya presha ya oili, yenye umbo la kibirika, ilikaa sekunde tano. Ilipozimika, na mlio ukakatika palepale. Basi tatizo lilikuwa oili kuchelewa kufika juu, na uzito haukuwa na la kusaidia hapo. Nilifungua filta. Nyuma ya vile vitundu vya kuingizia oili kuna pete ya mpira ambayo kazi yake ni kuzuia oili isirudi kwenye sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, gari linapozimwa. Niliibonyeza kwa ukucha: ngumu kama kandambili iliyosahaulika juani. Filta ya bei rahisi ilikuwa inamwaga oili yote usiku. Asubuhi pampu inaanza kuijaza upya, na oili ya 20W-50 ikiwa baridi inapanda polepole zaidi. Wakati huo cheni ya taimingi inapigapiga, maana tenshena, yaani kifaa kinachoikaza, husukumwa na presha ya oili hiyohiyo. Filta nzuri na oili ya 5W-30 zilimaliza kazi. Kesho yake taa ilizimika mara moja, na cheni haikusikika.

"Nchi yetu ni ya joto, oili nyepesi ni za Ulaya"

Hii ndiyo dhana inayoua injini nyingi, na wanaoisema wana nia njema kabisa. Chanzo chake ni kusoma namba za kwenye galoni vibaya. Katika 5W-30, herufi W ni ya neno la Kiingereza lenye maana ya majira ya baridi. Namba iliyo kabla yake inaeleza oili inavyojimudu kwenye baridi: 5W hupimwa uwezo wa kuruhusu injini izunguke kwenye nyuzi 30 chini ya sifuri, 20W kwenye nyuzi 15 chini ya sifuri. Namba ya mwisho, 30, inaeleza uzito wa oili, yaani ugumu wake wa kutiririka, ikiwa na joto la nyuzi 100.

Sasa joto la Dar es Salaam linaingilia wapi? Injini ikishachemka, themostati inaishikilia karibu na nyuzi 90, uwe Temeke au Sapporo kwenye baridi ya Japani. Kwa upande wa moto, injini yako haina uraia. Na asubuhi, hata nyuzi 25 ambazo sisi tunaona ni joto, kwa oili ni baridi tupu. Oili ya 20W-50 ikipimwa kwenye nyuzi 40 huwa na uzito zaidi ya mara mbili ya 5W-30. Mkazi wa Njombe au Makete, anakokuta barafu kwenye majani mwezi wa Juni, ndiye anayeumia zaidi, lakini wa Pwani naye hasalimiki.

Mlio kufifia kwa oili nzito si ushahidi wa kupona. Utando mzito unafunika sauti ya vyuma vinavyogusana, na kilichoharibika kinaendelea kuharibika. Sisemi 20W-50 ni mbaya. Land Rover za zamani zilitengenezwa kwa oili ya namna hiyo. Na injini iliyochakaa inayokula oili unaweza kuipandisha hatua moja, kutoka 30 kwenda 40, ikiwa kitabu cha gari kinaruhusu. Wengi huniambia kitabu chao kiko kwa Kijapani. Fungua ukurasa wa oili: 5W-30 imeandikwa hivyohivyo kwa kila lugha. Toyota nyingi hata zimeichonga juu ya kifuniko cha kujazia.

"Kila mlio wa kuwasha ni oili"

Hapana. Tak-tak-tak ya haraka huku injini haizunguki: angalia betri na vichwa vyake. Kulia kama filimbi ni mkanda. Mlio mwembamba unaopotea injini ikipata moto mara nyingi ni ekzosi inayovuja pale kwenye manifodi, bomba lake linapoungana na injini. Tafuta masizi meusi kando ya gasketi. Taipeti za 1NZ-FE, zile zinazosukuma valvu, ni vikombe vigumu visivyojirekebisha kwa presha ya oili. Zikiwa na nafasi kubwa zinapimwa kwa fila geji na kubadilishwa, na hakuna chupa ya dawa ya kumimina itakayoziba nafasi hiyo.

Mlio mmoja nakusihi usiupuuze: ngo-ngo-ngo nzito ya chini, inayoongezeka ukikanyaga mafuta. Hizo ni beringi za konrodi, vile vyuma vinavyounganisha pistoni na krankishafti. Zima gari hapohapo ulipo, livutwe. Kilomita tano za kujikongoja mpaka gereji zinatosha kutoboa bloku.

"Oili ikiwa nyeusi imekwisha"

Oili nzuri ina sabuni ndani yake, inaosha masizi na kuyabeba. Kwenye dizeli huwa nyeusi siku ileile ya sevisi. Rangi ya kuogopa ni ile ya chai ya maziwa kwenye kijiti cha kupimia, kwa sababu hapo maji yameingia. Vinginevyo hesabu kilomita na miezi, na ujue kwamba foleni, vumbi na safari fupi za shuleni na sokoni zote ni kazi ngumu kwa oili, hivyo fuata ule muda mfupi zaidi ulioandikwa kitabuni.

"Pasha injini dakika kumi kabla ya kuondoka"

Nusu dakika inatosha, kisha ondoka taratibu bila kukanyaga sana. Injini hupata moto haraka zaidi ikiwa kazini kuliko ikiwa imesimama.

"Oili ni oili, hata ya kupima inafaa"

Pindua galoni usome maandishi ya API, taasisi ya petroli ya Marekani inayopanga viwango vya oili. Herufi ya S ni ya petroli, C ni ya dizeli, na kwa upande wa S, herufi inayofuata kadiri ilivyo mbele kwenye alfabeti ndivyo oili ilivyo ya kisasa. SP ilitoka mwaka 2020. SF, ambayo bado naiona madukani, wenyewe API wanasema haifai kwa injini nyingi za petroli zilizotengenezwa baada ya mwaka 1988. IST ya kwanza ilitoka mwaka 2002. Na ile inayochotwa kwenye pipa haina hata maandishi ya kusoma.

Jambo la mwisho, ambalo sisi mafundi ndio wakosaji wakubwa: kumimina galoni zima. 1NZ-FE inahitaji lita 3.7 ukibadilisha na filta, galoni lina lita 4. Oili ikizidi sana, krankishafti inaichapa mpaka inatoa povu, na pampu inavuta hewa, kelele zinaanza upya. Ile ya mwalimu nilijaza, nikawasha, nikazima, nikasubiri dakika tano, nikapima mahali pa tambarare mpaka ikafika alama ya juu. Kilichobaki nilikifunga vizuri na kukiweka kwenye buti lake, kwa ajili ya siku kijiti kitakapoonyesha imeshuka.