Adui ni Maji: Tunayoyakosea Tunapokausha Matunda na Mboga Kanda ya Ziwa

Kwa bibi yangu, Misungwi, mwezi wa saba ulikuwa mwezi wa michembe. Viazi vitamu vilichimbwa, vikaachwa visinyae kidogo, vikamenywa, vikakatwa vipande vyembamba na kuanikwa juu ya jiwe bapa nyuma ya nyumba. Vingine alivichemsha kwanza ndipo akavikata na kuvianika. Hivyo viliitwa matobolwa. Majani ya kunde nayo yalikaushwa, yakawa nsansa. Hakuna darasa alilokwenda kusomea kazi hiyo, na chakula kile kilituvusha hadi mvua zinaporudi bila kuharibika.

Miaka mingi baadaye, nikiwa nimehamia Buswelu, nilitaka kufanya vivyo hivyo kwa maembe. Ilikuwa Desemba, maembe yamejaa sokoni, mengine yanaozea chini ya meza. Nikanunua, nikakata, nikaanika. Siku ya tatu vipande vyote vilikuwa vimeota ukungu wa kijivu. Jirani yangu, mama mtu mzima, akanionea huruma: "Mwanangu, matunda ya huku ziwani hayakaushiki. Hiyo ni kazi ya viwanda."

Tangu siku ile nimekuwa nikijaribu, nikisoma na kuulizauliza. Nimeona kwamba wengi wetu tumeshika mambo kadhaa kuhusu kukausha chakula ambayo si kweli. Baadhi yanatupotezea chakula tu. Mengine yanaweza kumlemaza mtu.

"Matunda hayakaushiki huku, hewa ya ziwani ina unyevu mno"

Yanakaushika. Kilichoniangusha mimi ni majira ya mwaka.

Bakteria, hamira na ukungu hawawezi kukua wala kuzaliana bila maji. Embe bivu ni maji kwa zaidi ya asilimia 80, nyanya kwa zaidi ya asilimia 90. Kukausha maana yake ni kuyatoa maji hayo haraka kabla viumbe hao hawajawahi kuzaliana. Tunadhani kazi hiyo inafanywa na jua, lakini jua linasaidia tu. Anayeyachukua maji ni hewa inayopita. Hewa kavu inayotembea inabeba maji na kwenda nayo. Hewa iliyokwisha kushiba maji haibebi kitu, hata jua liwake namna gani.

Ukitaka kuamini, tazama kamba ya nguo. Joto la mchana hapa Mwanza halibadiliki sana mwaka mzima, huzunguka nyuzi 28. Lakini jinzi iliyofuliwa asubuhi ya Julai utaianua kabla ya saa tisa, na ileile ukiifua Desemba italala kambani siku mbili na kuanza kunuka. Jua ni lilelile, ila hewa ndiyo tofauti. Bibi alikausha viazi kati ya Juni na Agosti, mvua hakuna na upepo ni mkavu. Maembe yanatujia mwishoni mwa mwaka, katikati ya vuli. Tumerithi ujuzi wa kiangazi na tunautumia kwenye tunda la vuli, halafu tunalilaumu tunda.

Kuna njia mbili. Ya kwanza ni kusubiri. Kati ya vuli na masika, Januari na Februari, mvua hupungua, na maembe ya mwisho mwisho bado yapo. Wiki moja kavu inatosha ukikata vipande vyembamba, unene wa nusu sentimita hivi, vyote sawasawa, visigusane.

Ya pili ni kaushio. Fundi seremala wa mtaani anaweza kulitengeneza: sanduku la mbao lililoinuliwa kwa miguu, ndani limepakwa rangi nyeusi, juu limefunikwa kwa nailoni ngumu inayopitisha mwanga, ndani kuna chanja za wavu. Liwe na matundu chini kwa mbele na mengine juu kwa nyuma, yote yamezibwa kwa wavu. Hewa inaingia chini, inapata joto, inapanda kupitia kwenye vipande na kutokea juu. Hewa ya Desemba yenye nyuzi 27 ikipashwa hadi nyuzi 45, uwezo wake wa kubeba maji huzidi mara mbili. Ndiyo maana sanduku hilo linafanya kazi hata siku ambazo kamba ya nguo imeshindwa. Watu wengi hutengeneza sanduku zuri wakasahau matundu, wakijua wanatunza joto. Hilo si kaushio tena, ni chungu cha mvuke, na maembe yanapikika badala ya kukauka.

"Jua likiwa kali zaidi ndiyo bora zaidi"

Tunda likipigwa na joto kali mno mwanzoni, ngozi ya nje hukauka upesi na kuwa gamba. Maji ya ndani yanakosa njia. Ukilishika unaona ni kavu, unalifungia chupani, na baada ya wiki mbili linavunda kuanzia katikati. Joto linalofaa ndani ya kaushio ni nyuzi 50 hadi 60, si zaidi.

Kwa mboga za majani, jua la moja kwa moja lina hasara nyingine ambayo kwangu ni kubwa zaidi. Mchicha, matembele, mgagani na majani ya kunde vina kiini cha vitamini A, kile ambacho macho na kinga ya mtoto vinakihitaji. Mwanga wa jua na hewa hukiharibu. Ukiona mboga uliyoianika ikiwa kijani imegeuka rangi ya majani ya ndizi makavu, fahamu kwamba ulichobakiza ni kidogo. Anika kivulini penye upepo, au kwenye kaushio lililofunikwa kitambaa cheusi. Michembe ya viazi lishe, vile vya rangi ya chungwa, inahitaji uangalizi huohuo, na zaidi ya hapo isikae mwaka mzima, maana rangi ile huendelea kupungua ghalani hata baada ya kukauka vizuri.

Halafu chovya majani kwenye maji yanayochemka kwa dakika 2 hivi kabla ya kuyaanika, au yapitishe kwenye mvuke. Wengine wanaona huko ni kuipika mboga mara mbili. Sivyo. Jani lililochumwa bado lina vimeng'enya vinavyoendelea kulila rangi, ladha na virutubisho vyake hata likiwa limekauka nusu. Maji ya moto huvizima. Bibi hakuwa na neno vimeng'enya, lakini zipo nyumba nyingi za Usukumani ambako majani ya kunde huchemshwa kwanza ndipo yaanikwe. Bamia, vitunguu na pilipili havihitaji kuchovywa.

"Jua linaua vijidudu vyote, usafi si lazima"

Hapa naomba tusikilizane. Kukausha hakuui vijidudu vyote. Wengi wao wanalala tu, na siku utakapoloweka mboga ile wataamka. Kwa hiyo uchafu ulioingia wakati wa kuanika utakuwemo siku ya kula.

Mawe ya Mwanza ni mazuri na yanapata joto, lakini yana wenyewe. Wale mijusi wekundu kwa bluu tunaowaona wakiota jua, aina ambayo wanasayansi waliipa jina la mji wetu, Agama mwanzae, wanashinda juu ya mawe hayohayo, na mijusi hubeba bakteria wa salmonela wanaoharisha watu. Kuku nao wanapita, mbuzi nao. Vilevile kipande kilicholala juu ya jiwe hakipati hewa chini yake, kinatoka jasho upande mmoja. Chanja iliyoinuliwa mita moja kutoka ardhini inamaliza matatizo hayo mawili kwa pamoja. Wenzetu wa dagaa walioacha mchanga na kuhamia kwenye chanja wanalijua hili, kwani dagaa wao hawana mchanga na wanapata bei nzuri.

Kandokando ya lami usianike kabisa. Vumbi, moshi na matope ya tairi havioshwi na jua.

Na kile chandarua. Nimeona vyandarua vya kuzuia malaria vikitandikwa kukaushia dagaa, nyanya, hata mchicha wa mtoto. Vyandarua tunavyogawiwa vimetiwa dawa ya kuua wadudu, na dawa hiyo imewekwa ili idumu hata baada ya kufuliwa mara nyingi. Havikutengenezwa viguse chakula. Nunua shashi nyeupe au wavu mpya usio na dawa, uufunike juu ya chanja. Utazuia nzi pamoja na vile vijidudu vya ziwani vinavyopaa kama moshi na kuangukia kila kilicho wazi.

Kwa matunda, nimezoea kuloweka vipande kwa dakika 10 katika maji ya limao yaliyochanganywa nusu kwa nusu na maji safi. Watu hudhani ni kwa ajili ya rangi tu, yasiwe meusi. Rangi ni kweli, lakini ule ukali pia huwapunguza bakteria wakati wa kukauka.

"Ukungu ukikwanguliwa, chakula kinabaki salama"

Hapana. Ukungu unaouona juu ni sehemu tu. Nyuzi zake zimekwisha kuingia ndani. Baadhi ya aina za ukungu hutengeneza sumukuvu, ambayo haionekani, haina harufu, na moto wa jikoni hauiondoi. Mwaka 2016 watu wa Dodoma na Manyara walikufa kwa sumukuvu iliyokuwa kwenye mahindi. Inayoliwa kidogo kidogo kwa miaka mingi huleta saratani ya ini. Mahindi na karanga ndivyo vinavyosemwa zaidi, lakini chakula chochote kilichokauka nusunusu ni shamba la ukungu. Kikiota, kitupe, na usiwape kuku. Naelewa uchungu wa kutupa chakula. Nilitupa maembe ya kilo nane siku ile.

"Muhogo mchungu ukianikwa juani sumu inaisha"

Najua muhogo si tunda wala mboga, lakini unakauka kwenye chanja ileile, na kosa lake ndilo baya kuliko yote. Mwaka 1985, katika kipindi cha ukame, watu wa Tarime mkoani Mara, ng'ambo tu ya ziwa letu hili, walianza kukakamaa miguu ghafla. Mtu analala mzima, anaamka hawezi kutembea sawasawa, na miguu hairudi tena kama ilivyokuwa. Ugonjwa huo huitwa konzo, na huwapata zaidi wanawake na watoto. Chanzo chake ni sayanaidi ya muhogo mchungu ambao, kwa njaa, watu waliufupishia hatua za kuuandaa.

Jua peke yake linaacha sumu nyingi ndani. Muhogo mchungu lazima ulowekwe siku tatu au nne hadi ulainike, au uvundikwe kama tunavyofanya udaga, ndipo uanikwe. Ukiwa na unga usio na hakika nao, uchanganye na maji, utandaze mwembamba chini ya sentimita moja, uuache saa 2 juani au saa 5 kivulini kabla ya kusonga ugali. Sumu iliyobaki inaruka hewani.

"Ni hasara, kilo 10 zinageuka kilo moja"

Kilichoondoka ni maji. Kilo 10 za nyanya zikikauka sawasawa hazifiki kilo moja, lakini ladha na madini yake yote yamo humo, na kijiko kimoja cha unga wake kinatosha mchuzi wa familia. Vitamini C ndiyo inayopotea kwa kiasi kikubwa, kwa hiyo chungwa na pera bichi viendelee kuliwa. Sukari nayo haikuondoka, imejikusanya, na embe kavu hunata menoni; mtoto ale vipande vichache kisha asukutue.

"Kikishakauka, kazi imekwisha"

Kazi yenyewe ndiyo kwanza inafika nusu. Kila jioni anua kabla jua halijazama, maana umande wa usiku unarudisha ulichotoa mchana. Mboga iwe imekauka hadi inavunjika kwa vidole. Tunda libaki laini kama ngozi, lakini ukilikunja lisinate, na ukilikamua lisitoe unyevu.

Kisha jaza chupa za kioo au ndoo zenye mfuniko unaobana, theluthi mbili tu, na uzitikise kila siku kwa wiki moja. Vipande havikauki sawa. Vikiwa pamoja, vilivyo vibichi kidogo vinagawana unyevu na vilivyo vikavu. Ukiona jasho upande wa ndani wa kioo, rudisha vyote chanjani siku hiyohiyo. Gunia na mfuko wa karatasi havifai hapa, hewa ya masika itaingia. Hata rafu ya juu ya jiko la mkaa, ambako wengi huhifadhi kwa kudhani joto linalinda, inaharakisha kuharibika. Weka chini, penye giza na ubaridi.

Februari nilikausha tena, safari hii kwenye sanduku lenye matundu. Nilipata chupa sita. Mbili zilitoka jasho siku ya pili, nikazirudisha chanjani kwa siku moja na nusu. Jirani yangu alikuja na ungo wake kuangalia, akakunja kipande, akakikamua, akaniuliza fundi wa lile sanduku anapatikana wapi.