Kabla Kijiji Hakijapimwa, Idara Zote Zikae Pamoja

Kazi yangu ni kupanga matumizi ya ardhi vijijini, hapa Tanzania. Wanakijiji huniuliza kwa nini mpango wa kijiji kimoja unahitaji maofisa wengi hivyo. Sababu imo katika sheria zenyewe. Ardhi ya kijiji inasimamiwa na Halmashauri ya Kijiji chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999. Lakini msitu ulio ndani ya ardhi hiyohiyo una sheria yake ya 2002, malisho yana ya 2010, na Sheria ya Mazingira ya 2004 inalinda mita 60 kutoka ukingo wa mto. Kila sheria ina wizara yake, na kila wizara ina mtu wake wilayani. Akija mmoja peke yake, atapanga anachokijua. Ofisa kilimo ataona bonde lenye rutuba. Mfugaji anajua kuwa bonde hilo ndilo linalookoa ng'ombe wake kiangazi.

Mfano ninaopenda kuutaja ni OLENGAPA, eneo la malisho ya pamoja la vijiji jirani wilayani Kiteto, Manyara, wilaya iliyoumizwa sana na ugomvi wa wakulima na wafugaji. Vijiji vya Orkitikiti, Lerug na Ngapapa vimetumia malisho na maji kwa pamoja kwa muda mrefu. Kupanga kila kijiji kivyake kungeyakatakata malisho hayo, na ng'ombe hafuati bikoni, yaani alama za mipaka. Sheria ya 1999 inaruhusu vijiji kukubaliana juu ya matumizi ya pamoja, lakini ruhusa hiyo haifanyi kazi bila watu wa kuisukuma. Tume ya Taifa ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi, wizara inayohusika na mifugo na halmashauri ya wilaya zilishirikiana na wanakijiji, ukapatikana mpango mmoja wa malisho, na wafugaji wakaunda chama cha kuyasimamia. Kwangu mimi, chama hicho kina uzito kuliko ramani, maana maofisa huhamishwa na wenyeji hubaki.

Ushirikiano huo wa idara usikome siku ya kukabidhi hati za ardhi. Malisho bila lambo na josho huhamwa, na yakihamwa hulimwa.

Kama wewe ni mjumbe wa Halmashauri ya Kijiji, usipeleke rasimu ya mpango kwenye Mkutano Mkuu wa Kijiji kabla ofisa mifugo, wa misitu na wa maji hawajaikagua wakiwa pamoja, huko huko kijijini.