Kusajili laini kwa kitambulisho cha mwenzio hakukufichi

Jana tena. Saa nane mchana, jua limesimama utosini, kijana kaja dirishani pangu, kaangalia kushoto kaangalia kulia, kisha akanong'ona "dada, n'sajilie laini lakini usitie jina langu, tia la mtu yeyote tu, hawa serikali wasikiliza simu." Huyo ni wa nne mwezi huu. Mimi nasajili laini hapa Malindi tangu 2010, nilianza na mwavuli na kistuli karibu na soko, saa hii nina dirisha langu na Mpesa, na maneno hayo nishayasikia kwa vijana, kwa wazee, hata kwa mwalimu mmoja ambaye nilidhani angejua. Nimechoka kuyajibu kwa mtu mmoja mmoja huku foleni yangoja kutoa pesa, kwa hivo leo naandika yote, na akija mwengine ntamtumia hii asome.

Haya. Simu ikiwaka yajitambulisha kwa mnara kwa namba mbili, moja ya kadi na moja ya simu yenyewe. Ya simu bonyeza *#06# hapo ulipo utaiona, tarakimu 15. Namba hiyo haina habari na jina ulilonipa mimi dirishani. Ukichomoa laini yako ya zamani ukatia hiyo mpya ya "jina la mtu yeyote", simu ni ileile, namba ni ileile, na kwenye kumbukumbu za kampuni laini zote mbili zaonekana zimekaa ndani ya simu moja. Sasa umejificha wapi?

Hapo huwa naambiwa "basi ntanunua na simu nyengine." Nunua. Lakini mamako utampigia? Mkeo utampigia? Yule bosi wako wa kazi utampigia? Usiku simu italala kwenye mnara wa Muyeye vilevile, asubuhi itaingia mjini saa ileile, Ijumaa itatulia ukiwa msikitini. Kumbukumbu za simu haziandiki maneno mlosema, zaandika nani kampigia nani, saa ngapi, kwa muda gani, kupitia mnara upi, na hayo peke yake yatosha. Mtu akiwa na miezi miwili ya kumbukumbu zako anakujua kuliko jirani yako, na jina lilo kwenye fomu ni kitu cha mwisho kabisa anachohitaji. Nalirudia hili manake ndilo watu hawataki kulisikia: anayekutafuta wewe haanzi na jina, aanza na mwenendo, na mwenendo huwezi kumpa mtu mwengine akusajilie.

Kusikiliza nako ni jambo jengine. Kunafanyika kwenye mitambo, kule sauti inakopita, na mitambo haiulizi laini ni ya nani. Sheria yataka idhini ya mahakama kwanza. Je, yafuatwa kila mara? Mimi nina shaka na sitaificha. Mwaka 2017 shirika la Privacy International la Uingereza lilitoa ripoti ikasema maafisa wa usalama hapa Kenya wanafikia mawasiliano ya watu bila kupitia mahakamani. Kwa hivo simwambii mtu kwamba hofu yake haina msingi. Namwambia dawa aliyoichagua haiponyi ugonjwa alio nao, halafu yamwagikia mtu mwengine.

Na huyo mtu mwengine ndiye ananiuma mimi. Maana "mtu yeyote" hayuko. Kila laini iko kwa kitambulisho cha mtu mwenye jina, na watoto, na mlango ambao polisi waweza kuubisha.

Kuna mama mmoja wa Barani, mteja wangu wa miaka, auza mahamri na mbaazi asubuhi. Alikuja siku moja buibui limempinda, hata salamu hakutoa, ameitwa kituoni aeleze kuhusu namba iliyotumika kumla mtu pesa, ile hadithi ya "mwanao amepata ajali tuma haraka tumtibu". Namba yasoma jina lake. Yeye simu yake ni ya mulika mwizi, hata meseji asomewa na mjukuu. Nikamwambia kaa, nikabonyeza *106# kwenye simu yake, tukaona laini zilizoko kwa kitambulisho chake. Tano. Yake moja, nyengine alimsajilia kijana wake wakati hana kitambulisho, tatu hazijui. Akaniuliza "mwanangu, hawa wameingiaje?" Tukarudi nyuma pole pole mpaka akakumbuka vijana walokuja mtaani na fulana za rangi wakigawa laini za bure zenye bando, kila mmoja alete kitambulisho wakipige picha, "mama haikusoma vizuri, tupige tena", wakapiga mara tatu nne. Laini moja akapewa mkononi. Zile nyengine ziliuzwa, manake kwenye hii kazi laini iliyosajiliwa tayari ina wanunuzi wake, na wanunuzi wenyewe ni hao hao wanaokuja kuninong'oneza "tia la mtu yeyote".

Alichukua wiki kadhaa za kwenda na kurudi kituoni mpaka wakamwachilia jina lake. Wiki zile hakupika mahamri.

Kwa hivo usajili wasema kitu kimoja tu: kitambulisho hiki kilionyeshwa siku ile. Hausemi nani ameishika simu leo. Watu wazima, wengine wana vyeo, husema "namba yasoma jina lake basi ni yeye", na mimi nikisikia hivo damu yachemka, sababu nawajua kwa sura watu kumi hapa mjini ambao laini zao hazina majina yao, na hakuna hata mmoja ambaye ni mhalifu. Vijana wengi wa huku pwani hukaa miaka wakingojea kitambulisho, huyu atumia cha mama, huyu cha kaka, huyu cha shangazi alokufa zamani. Kijana wa beach ana Mtaliano wake wa wiki mbili asotaka kutoa pasipoti, amsajilia kwa kitambulisho chake ili wasikosane, mgeni arudi kwao na laini aiachia mtu hotelini. Mvuvi kaenda bahari kuu, simu kamuachia mwanawe. Hayo ndo maisha. Na siku kadi ya yule kijana ikipotea na mama mwenye kitambulisho ameshafariki, pesa zake za Mpesa zakwama mle ndani, aja kulia kwangu na mimi sina la kumfanyia, mfumo wamtaka mama.

Historia naipitisha haraka. Rais Kibaki alitoa agizo la kusajili 2009, usajili ukaanza 2010, na mwisho wa 2012 laini ambazo hazikusajiliwa zikaanza kuzimwa. Kanuni zikaandikwa vizuri zaidi 2015. Halafu 2022 mlikuwako wote, tarehe ya mwisho ya kuhakiki usajili 15 Aprili, watu wakapanga foleni na jua kali na Ramadhani, mwisho ikasogezwa hadi 15 Oktoba. Kwenye foleni ile watu walipigwa picha za uso wakidhani ni sheria, na Mamlaka ya Mawasiliano yenyewe ikaja kusema picha haiko kwenye masharti. Lakini picha zilikuwa zishapigwa. Mimi nilipiga za watu wengi, niliambiwa nipige nikapiga, na mpaka leo lanikera kwamba sikuuliza.

Sasa kuna wale wa upande wa pili, ambao nao wanichosha sawasawa: "kama huna cha kuficha waogopa nini?" Kila mtu ana cha kuficha, ndo maana twaoga kwa mlango uliofungwa. Chukua namba ya mtu yeyote, jifanye wamtumia shilingi kumi kwa Mpesa, kabla hujamaliza jina lake lakutokea. Msichana akimpa namba dereva wa tuktuk ili amfuate, ameshampa na jina alilo nalo kwenye kitambulisho. Nenda kwenye duka lolote ambalo bado latumia daftari, kalamu imefungwa kwa uzi, uandike jina, namba ya kitambulisho, namba ya simu na pesa ulotoa, na anayekuja nyuma yako asoma yako huku akiandika yake. Mwaka 2021 Wakenya wengi walijikuta ni wanachama wa vyama vya siasa ambavyo hawajavisikia, sababu kumwandikisha mtu kulihitaji maelezo ya kitambulisho tu, na maelezo yetu yametapakaa kila mahali.

Na sisemi kutapakaa kwa mfano. Mwaka jana nilinunua njugu za shilingi ishirini jioni pale ufukweni, nimemaliza njugu nakikunjua kile kikaratasi nione kama zimebaki chini, naona uso wa mtu. Fotokopi ya kitambulisho. Picha nyeusi nyeusi lakini jina lasomeka, namba yasomeka, tarehe ya kuzaliwa yasomeka, mahali alipozaliwa pasomeka, na juu yake doa la mafuta ya njugu. Muuzaji ana rundo zima, alinunua karatasi kuukuu kwa kilo kutoka ofisi fulani iliyokuwa yahama. Nilizinunua zote nikaenda kuzichoma, na wallahi nilipokuwa nazichoma nilimuona mtu ninayemjua.

Hapo ndo faragha yetu inapovuja. Ni kwenye kikaratasi cha njugu, kwenye daftari la uzi, kwenye simu ya ejenti ambaye alipiga picha kitambulisho chako kwa simu yake mwenyewe "manake app imegoma, ntaiingiza baadaye". Ukiona hivo kataa. Hakuna baadaye. Picha ikishaingia kwenye galari yake ni yake, na siku akibadilisha kazi ataondoka nayo.

Niseme na hili ambalo wenzangu wa kazi hawapendi nilitaje. Sina hakika kwamba usajili wenyewe umetuletea usalama tuloahidiwa. Mexico walianza kusajili 2009, baada ya kama miaka mitatu wakaufuta mpango mzima, data ya watu imeonekana ikiuzwa sokoni na wanyang'anyi wa kwa simu wameongezeka badala ya kupungua. Wakajaribu tena 2021, safari hii na alama za mwili, mahakama yao ya juu kabisa ikaubatilisha 2022. Uingereza mpaka leo wanunua laini dukani kama unavyonunua kiberiti. Na huku kwetu laini zasajiliwa zote lakini meseji za "tuma kwa namba hii" bado zaingia kila wiki. Mimi kazi hii yanilisha, nawasomesha watoto kwayo, na bado swali hili lalala na mimi.

Ila sheria ya Ulinzi wa Data iko tangu 2019 na yauma, watu waidharau bure. Una haki ya kuuliza kampuni ina nini chako, kusahihisha, kutaka kifutwe kama hakina sababu ya kukaa. Kamishna wa Data ana uwezo wa kutoza faini mpaka milioni 5, au asilimia 1 ya mapato ya mwaka kwa kampuni, ile iliyo ndogo. Mwaka 2023 shule moja ilitozwa zaidi ya milioni 4 kwa kuweka picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi. Yule mama wa Barani angeweza kulalamika kule, na hakuna alomwambia, hata mimi wakati ule sikuwa najua.

Basi bonyeza *106# leo, na mbonyezee mamako. Ukiona namba usoijua nenda dukani kwa kampuni na kitambulisho chako uikane, iandikwe, uulize ushahidi wa karatasi. Kama laini yako ni ya Safaricom kuna *100*100# ambayo inazuia mtu kukuswapia laini kwa ejenti, yaani kuihamishia namba yako kwenye kadi yake, mpaka uende mwenyewe dukani. Fotokopi ukitoa, chora mistari miwili juu yake uandike "ya laini tu" na tarehe, kwa kalamu, ipite juu ya picha. Mimi dirishani daftari langu nimelifunika na kadibodi yenye tundu la mstari mmoja, unaona wako tu. Kadibodi ni ya boksi la sabuni, haikunigharimu kitu.

Yule kijana wa jana nilimweleza yote haya, si kwa utaratibu huu, nilikuwa na hasira kidogo. Akanisikiliza mpaka mwisho, akasema sawa dada, basi tia jina langu. Nikamwambia lete kitambulisho. Akajipapasa mifuko, akakumbuka amekiacha kwa mlinzi wa hoteli moja kule barabara ya Casuarina, alienda kuulizia kazi tangu Jumatatu, walikishika getini na yeye akatokea mlango wa nyuma. Siku tatu. Nikafunga dirisha, nikampandisha tuktuk twende tukakichukue.