Je, wajua? Nyuma ya /njia/46 hakuna folda yoyote

Fungua programu ya wavuti inayoorodhesha njia za matatu za Nairobi, ubofye ile ya Kawangware. Juu ya kivinjari anwani inaishia na /njia/46. Ukiona mikwaju ile (alama za /) utaapa kwamba ndani ya seva kuna folda iitwayo njia, na ndani yake faili iitwayo 46. Pekua seva nzima: hamna folda, hamna faili.

Dhana hiyo ina asili yake. Tim Berners-Lee alipoanzisha wavuti kule CERN, kituo cha utafiti wa fizikia huko Ulaya, anwani nyingi zilikuwa kweli zinaonyesha mahali faili ilipo kwenye diski, na hadi leo picha mara nyingi hutolewa hivyo. Anayeamini folda, basi, hajakosea kila mahali, na ndiyo maana ni vigumu kumtoa hapo. Lakini mwaka 1998 Berners-Lee mwenyewe alikuwa akihimiza watu waache kubandika viishio vya faili (kama .html) kwenye anwani. Fremuweki (msimbo uliotayarishwa wa kujengea tovuti) kama Django, iliyotoka 2005, huyaona yanayofuata jina la tovuti kuwa maandishi tu: huyalinganisha na orodha ya kanuni alizoandika mtengenezaji, kisha huita kipande cha msimbo kinachohusika. Hicho ndicho kinachoenda kwenye hifadhidata kuitafuta 46.

Sasa, orodha hiyo husomwaje? Chukua askari wa mlangoni kwenye jengo la ofisi pale Moi Avenue. Ana karatasi ya maagizo, anaisoma kutoka juu, na agizo la kwanza linalomfaa mgeni ndilo analofuata. Ya chini hayaangalii kabisa. La kwanza linasema mwenye bahasha yoyote apande orofa ya tatu. La pili, mwenye bahasha ya mahakama apande ya saba. Tarishi wa mahakama ataishia ya tatu kila siku, na askari hana kosa.

Django nayo ni hivyo hivyo. Weka njia/<str:namba>/ (nafasi inayokubali neno lolote) juu ya njia/mpya/, na fomu ya kuongeza njia haitafunguka kamwe. Programu itaingia kwenye hifadhidata kutafuta matatu nambari “mpya”, iikose, irudishe 404. Ujumbe unadai ukurasa haupo, ilhali kanuni yake imekaa mstari mmoja tu chini!

Wengine hukimbilia <int:namba>, inayokubali tarakimu peke yake. Inafanya kazi vizuri mpaka abiria atafute 34B. Afadhali kupandisha njia/mpya/ juu.

Ushauri huo ni wa Django, na Express, fremuweki nyingine, pia husoma kwa mpangilio ulioandikwa. Fremuweki ya Flask haifanyi hivyo. Yenyewe huzipanga kanuni upya, neno lililotajwa waziwazi likitangulia nafasi iliyoachwa wazi, kwa hivyo njia/mpya itashinda hata ukiiandika mwisho kabisa.