Maiti na Dawa ya Mochwari: Yanayosemwa Msibani na Ukweli Wake

Anayetembelea misheni ya Bagamoyo huoneshwa mnara wa kanisa ambako mwili wa David Livingstone, mmisionari na mpelelezi wa Kiskoti, ulilazwa Februari 1874, kabla ya kuvushwa Unguja na kupelekwa Uingereza. Wageni wengi huondoka wakiamini kwamba mwili ule ulitiwa dawa na madaktari wa Kizungu. Hapana. Livingstone alifariki Mei 1873 katika kijiji cha Chitambo, Zambia ya leo, na walioshika kazi ni watu wake mwenyewe, wakiongozwa na Chuma na Susi. Farijala, aliyewahi kumtumikia daktari Zanzibar, alipasua tumbo wakatoa moyo na matumbo, wakavizika pale pale. Wakautia mwili chumvi, wakauanika juani siku 14 hivi, wakaufunga kwa nguo na magome ya mti, safari ikaanza. London daktari aliutambua kwa mfupa wa mkono uliowahi kuvunjwa na simba.

Formalini, ndiyo dawa ya mochwari tunayoijua leo, haikuwepo kwenye mzigo wao. Ilianza kutumika kuhifadhi miili miaka ya 1890. Hali ya marehemu ndiyo iliyowasaidia. Kuhara damu kulikuwa kumemkausha akabaki mifupa na ngozi. Angekuwa amevimba maji mwili mzima, nadhani chumvi ile isingewafikisha hata Tabora.

Hali ya mwili ndiyo inayoamua dawa itiwe vipi, na hapo ndipo penye kosa la watu wengi: “Sindano ni sindano, mtoto na mzee wanachomwa sawa.” Dawa hupitishwa katika mishipa ileile iliyokuwa ikipitisha damu, kwa hiyo mhudumu huangalia kwanza mishipa ikoje. Kichanga ana mishipa myembamba na ngozi laini. Huchomwa dawa iliyopunguzwa makali, kidogo kidogo, kwa msukumo mdogo, na pengine kupitia mshipa mkubwa wa tumboni au mishipa ya kitovu. Ikizidi ukali, ngozi hujikunja na uso hukakamaa, mama akashindwa kumtazama mwanawe. Mzee shida yake nyingine: mshipa wa paja mara nyingi umeziba kwa mafuta na chokaa, dawa inagoma kupita, basi mhudumu huhamia mshipa wa shingoni.

Aliyevimba maji kwa ugonjwa wa figo au moyo tayari ana maji ya kutosha mwilini. Kwake dawa huchanganywa nzito, la sivyo inazimuliwa humo humo na maiti inaharibika huku ndugu wakidhani imeshahifadhiwa. Aliyefanyiwa uchunguzi wa kifo njia za damu zimeshakatwa, kwa hiyo huchomwa sehemu sita: shingoni pande mbili, makwapani, na mapajani. Ni kazi ya saa kadhaa. Ukiambiwa “subirini”, si lazima mtu anataka chai.

“Uso umegeuka kijani, huyu kalishwa sumu.” Neno hili limevunja ukoo mzima. Mtu aliyekufa kwa ugonjwa wa ini ana rangi ya nyongo ndani ya ngozi, ndiyo ile iliyomfanya macho kuwa manjano alipokuwa hai. Formalini ikikutana nayo huigeuza kijani. Wenye ujuzi huchagua dawa yenye formalini kidogo ili kupunguza hilo. Damu au uchafu puani nao si ushahidi wa kipigo. Gesi za tumboni husukuma maji ya mwilini yakatafuta pa kutokea. Ila kama mna shaka ya kweli juu ya kifo, semeni polisi kabla ya sindano, kwa sababu formalini huvuruga baadhi ya vipimo vya sumu. Ukilalamika baada ya dawa, umechelewa.

“Wanatoa figo wakishona tumbo.” Uhifadhi wa kawaida hautoi kiungo. Damu hutolewa kupitia mshipa, na maji ya tumboni na kifuani hufyonzwa kwa bomba lenye ncha.

“Karafuu maiti inatosha kuzuia kuoza.” Huku pwani maiti nyingi huoshwa kwa maji ya majani ya mkunazi, zikatiwa karafuu maiti (kafuri), zikavikwa sanda na kuzikwa siku hiyo hiyo, na wala mjadala wa formalini hauwahusu wafiwa. Lakini karafuu maiti ni ya harufu na kufukuza wadudu, haiingii ndani ya nyama. Mkimsubiri ndugu anayetoka mbali, friji inahitajika, nayo hupunguza tu kasi ya kuoza. Hata maiti iliyochomwa dawa haikai milele. Formalini hukaza protini na kuua vijidudu, na joto letu la Januari humpa kazi hata mhudumu aliyebobea.

“Ikishatiwa dawa, kuishika hakuna madhara.” Formalini huwasha macho na koo, na shirika la kimataifa la utafiti wa saratani limeiorodhesha miongoni mwa visababishi vya saratani kwa binadamu. Wanaoosha maiti iliyotoka mochwari wavae glavu, wafungue madirisha, na wajukuu wabaki nje hadi sanda ifungwe.